Makaa ya Laini ya Thika

Waliokuja kumjua Nduku akiwa amehamia Gitothua, kule Ruiru, walimshangaa kwa jambo moja. Mkarimu alikuwa, tena kupita kiasi. Ukimwomba chumvi atakupa na kitunguu juu yake. Lakini siku kiberiti kinapomwishia, wakati wenzake wote wanakimbilia kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto, yeye angejitanda khanga na kunyeshewa mvua hadi dukani. Hakupokea kaa la mtu. Majirani wakasema ni miiko ya Ukambani. Wengine wakasema ni maringo ya mke wa polisi. Wote walikosea, kama ilivyo kawaida ya majirani wanaojua kila kitu.

Kisa chenyewe kilitokea Thika, mwaka wa hamsini na nne, Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu dhidi ya wapiganaji wa msituni, ikiwa imepamba moto. Nduku alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja, Mwongeli, na mume mmoja, Munyao, askari wa polisi. Baba yake kule Kangundo hakuitaka ndoa ile hata kidogo. "Polisi hana kwao," alisema mzee. "Kwao ni pale anapoambiwa simama." Nduku akaolewa vivyo hivyo, kwa ukaidi ambao hata mzee alijua umetoka kwake.

Laini ya polisi ya Thika ilikuwa safu za vyumba vya bati, mfereji mmoja wa maji, na wake wa askari kutoka kila pembe: Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wakalenjin. Walitukanana asubuhi kwa sababu ya foleni ya ndoo, na jioni yule aliyekutukana ndiye aliyekubebea mtoto akiwa na homa. Hawakuwa na hiari. Ndugu zao walikuwa mbali, na mjini hakuna aliyewapenda. Sokoni, mama wa Kikuyu alimuuzia Nduku viazi bila kumtazama usoni, na Nduku hakumlaumu, maana kaka au mume wa mama yule huenda alikuwa kizuizini, na aliyemkamata huenda alilala chumba cha tatu kutoka kwa Nduku.

Kwa hiyo laini ilijitungia desturi zake. Moja ilikuwa ya makaa. Askari akifa, mkewe hakuwasha moto. Moto wake ulizimwa, jivu likatupwa, kisha kila nyumba ikaleta kaa moja kutoka mekoni mwake, yakawekwa pamoja kati ya mafiga matatu, yakapulizwa. Moto huo ulikuwa wa laini nzima, nao haukuzimika mpaka maiti azikwe. Wakamba walisema desturi hiyo imetoka kwa Waluhya, Waluhya wakasema ni ya Wajaluo, na Wajaluo wakasema wao hawajawahi kuona kitu kama hicho kwao. Haidhuru. Kila mmoja aliijua, na kila mmoja alijua kwamba mtu hai hapelekewi makaa.

Jumatatu moja Munyao alitoka kwenda doria ya mashamba ya kahawa upande wa Ruiru. Kiongozi wao alikuwa Koplo Odhiambo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, rafiki yake, na mwimbaji mbaya kuliko wote katika ibada ya Jumapili. Odhiambo aliimba kwa nguvu na kwa moyo wote, na hakuna noti hata moja aliyoipata. Munyao alizoea kumtania, "Koplo, wewe ukiimba hata shetani anatoka kanisani, lakini anatoka kwa sababu ya masikio."

Jioni lori likarudi. Wanawake walisimama kando ya safu kama kawaida, kila mmoja akitafuta wake. Askari waliruka chini mmoja mmoja, wamejaa tope, mmoja amefungwa kitambaa kichwani. Kisha lori likawa tupu. Nduku aliendelea kulitazama. Odhiambo akapita mbele yake kichwa chini, hakumsalimu, akaingia kwake na kufunga mlango.

Ni mkewe Odhiambo, Aoko, aliyekuja kumwambia. Walishambuliwa mtoni, kwenye ukingo wa shamba. Risasi zikalia, watu wakatawanyika kwenye mibuni, na walipokusanyika tena Munyao hakuwepo. Walimwita, wakatafuta mpaka giza likaanza kuingia, hawakuona mtu wala damu wala bunduki.

"Bunduki pia?" Nduku akauliza.

"Pia," Aoko akasema, na hapo ndipo Nduku alipoanza kuogopa kweli.

Maana mtu kupotea ni jambo moja, na bunduki kupotea ni jingine. Mwaka ule bunduki moja ya serikali ikiingia msituni, vichwa vya watu viliviringika. Asubuhi yake Inspekta mwenyewe, Mzungu kijana aliyekuwa na miezi michache tu kituoni, alisimama mlangoni pa Nduku na fimbo yake kwapani. Kiswahili chake alikuwa amekiokota mashambani kwa masetla wa Kizungu.

"Bibi ya Munyao. Bwana yako napotea na bunduki ya serikali."

"Ndiyo, bwana."

"Mimi nauliza Koplo: wewe naona yeye nakufa? Koplo nasema hapana, hapana ona. Basi. Mtu hapana kufa, bunduki hapana, hii ni mtoro. Yeye napeleka bunduki kwa watu ya msitu."

"Munyao hawezi, bwana."

"Jumamosi kuna ukaguzi ya laini. Kama yeye hapana patikana, mimi naandika yeye mtoro, kila kituo napata jina yake. Askari naona yeye na bunduki, napiga. Na wewe nafunga vitu yako, natoka hapa."

Akaenda zake. Nduku alibaki ameshika fremu ya mlango. Aliogopa, na juu ya hofu alikuwa na hasira, na hasira yote ilikwenda chumba cha pili. Odhiambo! Angeshindwa nini kusema alimwona akianguka? Neno moja tu. Rafiki gani huyu anayesema kweli wakati uongo ungemwokoa mwenzake? Aliposikia sauti ya Aoko ikibembeleza mtoto ng'ambo ya bati, alitamani kuligonga bati lile kwa mchi.

Jumanne ikapita, na Jumatano. Nduku aliupika ugali wa watu wawili kila jioni, akaula wa mmoja, na ule mwingine akaufunika. Moto wake haukuzimika. Alikuwa amejiwekea fikira kwamba moto ukiwaka, mwenye nyumba yuko njiani. Kila kishindo cha lori kilimtoa nje. Askari walimpita wakiangalia buti zao. Mtu akishukiwa utoro, hata salamu kwa mkewe ilikuwa hatari, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha.

Alhamisi mchana alikuwa akipepeta mahindi mlangoni alipowaona. Wanawake wa laini walikuwa wakija kwa safu moja, khanga vichwani, kimya. Mbele alikuwa Nafuna, mke wa Sajini, mwanamke wa Kiluhya mwenye mwili na neno, ambaye hata askari waliogopa kumkatiza. Nyuma yake alikuwa Aoko. Na Aoko alishika kigae mbele ya kifua, na ndani ya kigae kulikuwa na kaa moja jekundu.

Ungo ulimtoka Nduku mkononi. Alisimama katikati ya mlango, akanyoosha mikono huku na huku.

"Nani amemwona?" alipiga kelele. "Mmeleta habari? Nani amemwona maiti?"

Aoko akainamia kaa lake.

"Basi rudini! Mume wangu hajafa. Aoko, rudisha kaa lako! Mume wako alimwacha mtoni, sasa wewe unakuja kunizikia?"

Machozi yakamtoka Aoko, lakini hakurudi nyuma. Nafuna akawaashiria wengine wasubiri, akasogea mpaka wakawa uso kwa uso, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama Mwongeli, nisikie. Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua."

"Mzungu anakuja kukagua laini. Atakukuta aje? Sajini wangu amekaa polisi tangu vita ya Burma, ameniambia maneno, mimi nakuambia wewe. Mke wa mtoro anafunga mizigo. Mke wa marehemu analia. Hakuna mke wa tatu. Ukikaa hapa na moto wako na sufuria yako, unangojea mtu, Mzungu atasema, aha, huyu anajua bwana yake yuko hai, wameongea. Atakuuliza yuko wapi. Na hawaulizi vizuri siku hizi."

"Kwa hivyo nimuue kwa mdomo wangu?"

"Tukimlilia, laini yote, amekufa kazini. Askari wanaweza kuomba ruhusa wakatafute maiti yao. Mtoro hatafutwi na majembe, mama. Anatafutwa na mbwa."

Nduku aliwatazama wanawake wale. Wengine walikuwa wamemnyima salamu jana tu. Sasa kila mmoja alikuwa na kaa lake, na kila mmoja alijua kwamba Mzungu akimwona akimlilia mshukiwa, mumewe angeweza kuitwa ofisini. Walikuja hata hivyo. Jambo hilo lilimuuma kuliko salamu alizonyimwa.

Lakini kumlilia mtu hai! Bibi yake kule Kangundo angesema huko ni kumchimbia kaburi. Na kama Munyao alikuwa mahali fulani, amejeruhiwa, anategemea kwamba walau mtu mmoja duniani anamngojea? Na kama kweli amekufa, mbona moyo wake Nduku haukumwambia? Alijiuliza hayo yote amesimama palepale, na makaa ya wenzake yalikuwa yanapoa, yakianza kuota jivu.

"Zima wewe mwenyewe," Nafuna alisema. "Hiyo hatuwezi kukuzimia."

Nduku akaingia. Akachukua kata, akachota maji mtungini. Nusu ya maji ilimwagikia miguu yake. Akaumwagia moto wake. Moshi ulipanda, ukamwingia machoni, na Mwongeli akaanza kukohoa na kulia kitandani. Nduku alifungua mdomo ili alie kilio cha uongo, kilio cha kumwonyesha Mzungu, kikatoka cha kweli. Hakuweza kukizuia tena. Wanawake wakaingia, Aoko akawa wa kwanza kuweka kaa lake, wengine wakafuata, na kilio kikaenea kutoka chumba hadi chumba mpaka kule ofisini Inspekta akatoka nje kuuliza ni nini.

Sajini alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akapiga saluti.

"Afande, laini inamlilia Munyao. Amekufa, afande. Askari wanaomba ruhusa waende wamtafute, wamzike."

"Nani nasema yeye nakufa?"

"Mke wake, afande. Amezima moto."

Inspekta aliangalia ile safu ya mabati yenye kilio. Huenda aliwaza juu ya askari waliovunjika moyo, wenye bunduki, na yeye Mzungu peke yake kati yao. Huenda pia alikuwa kijana tu aliyekuwa na mama yake mahali fulani. Alipigapiga fimbo kwenye soksi zake ndefu, akasema waende asubuhi ya Jumamosi, wale wasio na zamu, na bunduki ya serikali ikionekana ije kwanza kabla ya maiti.

Ijumaa Nduku alikaa chini kwenye mkeka, amezungukwa na watu, na hakuwahi kuwa mpweke namna ile. Walimpikia, wakamlisha, wakamwogeshea mtoto. Wajaluo walimkalia upande mmoja, Waluhya upande mwingine, kama vile angeweza kukimbia. Kila aliyesema "Mungu amlaze" alimtia kisu. Alijiona mchawi anayelipwa kwa uchawi wake.

Jumamosi asubuhi askari wakapanda lori na majembe na machela. Odhiambo alikuwa wa mwisho kupanda. Alifika mbele ya Nduku, akavua kofia.

"Shemeji. Mimi nilisema kile niliona. Sikuona yeye akianguka."

"Nenda ukamlete," Nduku akasema. Hakuwa na zaidi ya hilo la kumpa.

Mchana kutwa alisikiliza barabara. Inspekta alikagua laini, akapita mlangoni pake, akaona moto wa mafiga matatu na wanawake wamejifunika, akagusa kofia yake na kupita bila neno. Jua lilianza kuinama ndipo lori lilipotokea. Lilikuja polepole sana, kama lori linalobeba maiti. Nafuna akamshika Nduku mkono, na laini nzima ikaanza kulia upya.

Machela ikashushwa. Juu yake kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi mtu. Odhiambo akapiga kelele, sauti imemkauka, "Nyamazeni! Nyamazeni, nyinyi! Anapumua!"

Munyao alikuwa na risasi pajani na mguu uliovimba kama gogo. Midomo ilimpasuka. Lakini macho yalikuwa yake. Yalizunguka polepole: majembe yaliyolazwa pembeni, wanawake wenye khanga vichwani, mlango wa nyumba yake, moshi unaotoka. Alikuwa ameishi laini miaka mingi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mama Mwongeli," alisema, kwa shida. "Moto huo ni wa nani?"

Nduku angeweza kudanganya. Hakuweza.

"Ni wa laini."

"Ulipokea makaa? Mimi nikiwa hai?"

"Nilipokea."

Munyao alifumba macho, akageuza uso upande wa pili. Sajini akaamuru apelekwe hospitali haraka, na lori likaondoka, likamwacha Nduku amesimama kwenye vumbi, mkono wake bado umenyooka.

Furaha ilimkosa usiku ule na asubuhi yake. Alisikia kwa wengine kwamba bunduki ilirudi salama, kwamba jina la Munyao limesafishwa, kwamba chumba ni chake. Aliitikia tu. Aliliona lile shavu likigeuka. Alikuwa amemzika mume wake, mume akafufuka, na hamtaki tena. Nani angemlaumu? Kuhusu ule moto wa laini hakuna aliyejua la kufanya, maana haijapata kutokea. Nafuna aliamua kila mtu achukue kaa lake arudi nalo, kana kwamba kaa lina jina. Wanawake wakachungulia mekoni, wakatazamana, na mmoja akacheka, kisha wote. Nduku hakucheka. Aliumwagia maji kwa kata ileile, akawasha mwingine kwa kiberiti.

Jumapili baada ya ibada alikwenda hospitali. Odhiambo na Aoko walifuatana naye, ingawa hakuwaomba. Munyao alikuwa ameinuliwa kwa mito. Nduku alisimama mwisho wa kitanda kama mshtakiwa.

"Keti," Munyao akasema.

"Baba Mwongeli, walisema nitaondolewa, na wewe utapigwa risasi, na mimi..."

"Keti, nikuambie. Koplo pia asikie."

Akasimulia. Alipopigwa alianguka mtaroni, akatambaa na bunduki yake mpaka kibanda kibovu cha kuhifadhia miche. Mama mmoja mchuma kahawa, Warigia jina lake, alimkuta humo. Hakumwita mtu. Askari wangemchomea nyumba kwa kumficha mtu mwenye bunduki, na wa msituni wangemkata kwa kumsaidia polisi. Alimletea maji na uji ndani ya debe la kuchumia, akasema, "Mimi sijakuona," kila mara alipomwona.

"Halafu jana nikasikia watu," Munyao aliendelea. "Wengi. Homa imenishika, sioni vizuri. Nilikuwa na risasi moja imebaki. Nikasema hawa ni wale wa mtoni, wamerudi kuchukua bunduki. Nikaiweka begani, nikaelekeza mlangoni. Wa kwanza kuingia ningempiga. Niliapa. Kidole kilikuwa hapa."

Akaonyesha kidole.

"Halafu nikasikia mtu anaimba wimbo wa mazishi." Alimtazama Odhiambo. "Anaimba vibaya. Vibaya kabisa. Nikajua dunia nzima mtu wa sauti mbaya hivyo ni mmoja."

Odhiambo alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Ni mimi nilikuwa mbele," alisema polepole. "Warigia alituona na majembe, tunaimba, akatuonyesha kibanda kwa kusukuma mdomo tu. Nilikuwa mbele. Nilitaka kuwa wa kwanza kukubeba."

"Najua. Watu wanaotafuta mtoro hawaimbi, Koplo. Mngekuja kimya na mbwa." Munyao akamgeukia mkewe, na safari hii hakugeuza uso. "Jana nilikasirika. Nililala hapa nikiwa na hasira na wewe mpaka alfajiri, halafu nikafikiria ule wimbo. Hakuna mtu anaimba wimbo huo mpaka mwanamke azime moto."

Nduku alikaa chini palepale sakafuni na kulia, na kilio hiki hakukionea haya.

Ni Aoko aliyemwinua. Aoko, aliyekuja mlangoni na kaa lake kifuani, akatukanwa mbele ya laini nzima. Alikuwa amekikodolea macho kile kidole cha Munyao juu ya blanketi, na mkono wake mmoja ulikuwa umemshika Odhiambo bega. Nduku akauona uso ule, akaelewa mwenzake anawaza nini, akamkumbatia kwa nguvu kabla hajaanguka yeye.